Shati na sketi ni neno moja: asili ya majina ya nguo za Kiingereza tunazovaa kila siku

#1 FundiBitana (mwanzisha uzi)

Wakuu, habari za jioni. Mimi ni fundi cherehani, mwaka wa kumi na tisa huu nakanyaga. Uzi huu umeletwa na belo moja la mtumba, na utakuwa mrefu, naomba mnivumilie.

Mwezi uliopita mteja wangu, dada mmoja anayeuza Karume, alinunua belo la Marekani. Karatasi yake ilisema "men's vests". Akapiga hesabu za fulana za ndani, zile za kuvaa chini ya shati, kwa sababu ana wanunuzi wa jumla wa Njombe na Makete na kipupwe ndiyo kinaingia. Kulifungua, vizibao vitupu! Vizibao vya suti, bila koti wala suruali yake. Alikuja kibandani kwangu machozi yakimlenga. Tukavipanga kwa rangi, vingine nikavipunguza kiuno, na mwishowe vikachukuliwa na kwaya mbili. Mtaji ulirudi. Lakini swali aliloniuliza siku ile halikunitoka: "Fundi, hawa wameniibia?"

Hawakumwibia. Neno ndilo lililomponyoka.

"Vest" imetoka kwenye Kilatini, vestis, yaani nguo tu, nguo yoyote. Oktoba 1666 mfalme Charles wa Pili wa Uingereza alitangaza kwamba analeta mtindo mpya wa mavazi ya wanaume. Samuel Pepys, mtumishi wa jeshi la majini aliyekuwa akiandika shajara, akauandika: litakuwa vazi liitwalo "vest". Lilikuwa refu, la kuvaliwa chini ya koti. Miaka ikaenda, likafupishwa hadi kiunoni, mikono ikaondolewa. Hapo Mmarekani na Mwingereza wakaachana njia. Mmarekani aliliacha jina palepale kwenye kizibao. Mwingereza kizibao akakiita "waistcoat", na "vest" akaiingiza ndani zaidi mpaka ikagusa ngozi. Kwa hiyo aliyefunga lile belo kule Marekani aliandika kweli tupu, na dada yetu alisoma sawasawa kwa Kiingereza tulichofundishwa sisi, ambacho ni cha Uingereza.

"Pants" nayo ni hivyohivyo, tena aibu yake ni kubwa zaidi. Kwenye michezo ya kuigiza ya Italia kulikuwa na mhusika aitwaye Pantalone, mzee mfanyabiashara wa Venice, bahili, na suruali yake ilijulikana. Wafaransa wakapata "pantalon", Waingereza "pantaloons", kisha watu wakalikata neno likabaki "pants". Marekani ni suruali. Uingereza ni chupi. Ukimsifia mwenzako wa kazini kule London kwamba "pants" zake ni nzuri, hutaeleweka ulivyokusudia.

Tangu siku ile nimekuwa nikiyachimba majina ya vitu ninavyoshona, na nimeona jambo moja ambalo ndilo limenifanya niandike. Sisi tunaona haya kwamba Kiswahili kimejaa nguo za kuazima: shati, sketi, koti, suti, gauni, sweta, jezi. Kumbe Kiingereza chenyewe kimevaa vya watu. Kimechukua kwa Waskandinavia (watu wa Denmark, Norway na Sweden), Wafaransa, Waajemi, Wahindi, Waarabu. Methali inasema nguo ya kuazima haisitiri matako. Kwa majina ya nguo naona imekuwa kinyume.

Nitaendelea kesho na shati na sketi. Karibuni.

#2 Dada wa Belo

Mwenye belo ni mimi. Nathibitisha, na fundi Mungu akubariki. Sasa nisaidie na mengine kabla sijaingia hasara tena. Kuna yale yanaandikwa "suspenders", kuna "jumpers". Ni nini na nini?

#3 FundiBitana

Dada, "suspenders" za Marekani ni ile mikanda ya mabegani ya kushikilia suruali. Za Uingereza ni vile vikanda vya kushikilia soksi ndefu za kina mama. "Jumper" ya Uingereza ni sweta la kuvaa kwa kichwani, lisilo na vifungo. Ya Marekani ni gauni lisilo na mikono, la kuvalia juu ya blauzi au sweta, kama sare za shule za wasichana. Kabla ya kusoma jina la nguo, soma jina la nchi.

Haya, shati na sketi.

Mwingereza wa kale alikuwa na neno "scyrte", likitamkwa kwa sauti ya sh mwanzoni. Ng'ambo ya bahari kwao, kwa Waskandinavia, neno hilohilo lilitamkwa "skyrta". Ni ndugu, mzizi wao ni mmoja na wa neno "short", fupi: nguo iliyokatwa. Waskandinavia wale walipoivamia Uingereza, wakauteka mji wa York mwaka 866 na kuhamia kwa maelfu mashariki na kaskazini ya nchi, maneno mawili ya kitu kimoja yakaishi mtaa mmoja. Si mnajua inavyokuwa? Hayawezi kubaki yote mawili bila kugawana kazi. "Shirt" ikashika nguo ya juu, "skirt" ikashuka chini ya kiuno.

Tofauti ya sh na sk ni ya kawaida kabisa kati ya lugha zile mbili. Samaki kwa Mwingereza ni "fish", kwa Mskandinavia "fisk".

Kisha sisi, miaka elfu moja baadaye, tukayapokea yote mawili kwa mpigo, shati na sketi, bila mtu kutuambia kwamba ni pacha. Mwanafunzi wa kike anayevaa shati jeupe na sketi ya bluu anavaa neno lilelile mara mbili. Na akivaa "shorts" za michezo, mara ya tatu.

#4 mwana_mvita

Fundi, umenigusa. Hapa kwetu Mombasa tunasema ndia, nyinyi mnasema njia. Sisi mato, nyinyi macho. Sasa nafikiria, lau Kimvita na Kiunguja vingeishi nyumba moja muda mrefu, pengine ndia ingekuwa ya miguu na njia ikawa ya gari. Ndivyo ilivyokuwa kwa shati na sketi, sivyo?

Nami niongeze moja. "Sash", ule utepe mpana wanaovishwa mabibi harusi kiunoni na warembo wa mashindano begani, Waingereza wameutoa kwa Waarabu. Kiarabu ni shash, kitambaa chepesi cha kilemba. Sisi tunalo pia: shashi. Bibi yangu alikuwa akisema karatasi ya shashi kwa ile karatasi laini nyembamba. Mwarabu mmoja, watoto wawili, mmoja kaenda London akawa utepe, mmoja kabaki pwani akawa karatasi.

#5 FundiBitana

Ndivyo hasa, ndugu yangu, na mfano wako wa ndia na njia ni mzuri kuliko wangu. Hiyo ya shashi sikuwa nayo. Ahsante sana.

Na Uajemi pia usiisahau. "Pyjamas" ni Kiajemi kupitia India: pay ni mguu, jama ni vazi. Vazi la miguu. "Shawl" ni shal yao, sisi shali. Na kile kitambaa chenye vijikunjo vya mistari wanachokiita "seersucker", mashati yake huwa napokea sana kurekebisha, jina lake ni shir o shakar, maziwa na sukari. Mstari mmoja laini kama maziwa, mmoja una chenga kama sukari. Hiyo shakar ndiyo ukoo wa sukari yetu na "sugar" yao. Siku nilipojua hili nililishika lile shati mkononi muda mrefu.

#6 mwalimu_wa_zamani

Uzi mzuri, ila natia neno. Nimefundisha lugha miaka mingi na nimeona watu wakidanganywa na sauti. Maneno mawili kufanana si ushahidi. Mtu husikia "bikini" akasema bi ni mbili kwa Kilatini, vipande viwili, basi mambo yameisha. Mwaka 1964 mbunifu mmoja Marekani, Rudi Gernreich, alitoa vazi la kuogelea la kipande cha chini tu, akaliita "monokini", kana kwamba kuna kitu kiitwacho "kini". Hakipo.

Bikini ni kisiwa, tena kina machungu. Kipo Visiwa vya Marshall, Bahari ya Pasifiki. Machi 1946 wakazi wake 167 walihamishwa na Wamarekani ili mabomu ya atomiki yajaribiwe pale. Bomu la kwanza lilipigwa tarehe 1 Julai. Siku nne baadaye, tarehe 5 Julai 1946, Louis Réard akaonyesha vazi lake Paris na kulipa jina la kisiwa ambacho magazeti yote yalikuwa yakikitaja. Wale watu walipoteza nchi yao, na dunia ikabaki na jina lao kwenye nguo ya kuogelea. Kila nikilisikia neno hilo huwakumbuka.

Kwa hiyo mwanzisha uzi, tupe na njia unayotumia kuhakikisha, si majina tu.

#7 FundiBitana

Mwalimu, shikamoo. Umesema jambo zito na nimelipokea.

Njia yangu ni ya kifundi. Nauliza kitambaa kwanza, jina baadaye. Kilifumwa wapi, kilipita bandari gani, nani alikivaa. Jina lisiloweza kuonyesha kitambaa chake nalitilia shaka.

Chukua jinzi. "Denim" ni serge de Nîmes, kitambaa cha Nîmes, mji wa kusini mwa Ufaransa uliokuwa na wafumaji. "Jeans" ni Gênes, jinsi Wafaransa wanavyouita mji wa Genoa wa Italia, bandari iliyosafirisha kitambaa kigumu cha pamba. Waingereza walikuwa wakinunua kitambaa hicho tangu karne ya 16. Hivi vilikuwa vitambaa viwili tofauti. Leo tunasema jinzi ya denimu, miji miwili kwenye suruali moja.

Na suruali yenyewe, hapa niruhusuni nijivune kwa niaba ya mafundi wote. Wengi wanamtaja Levi Strauss, lakini yeye alikuwa mfanyabiashara wa vitambaa San Francisco. Aliyepata wazo la kupiga ribiti za shaba kwenye kona za mifuko ili isichanike alikuwa fundi cherehani, Jacob Davis, mzaliwa wa Riga, aliyekuwa na duka lake mji wa Reno, Nevada. Alinunua kitambaa kwa Strauss, akamwandikia barua waandikishe hataza pamoja. Wakaipata tarehe 20 Mei 1873. Ukiiangalia jinzi yako sasa hivi, vile vichwa vidogo vya shaba mfukoni ni mawazo ya fundi wa mtaani.

"Dungarees" ni kitambaa kigumu kilichopewa jina la Dongri, mtaa wa Mumbai. "Calico" ni mji wa Calicut, pwani ya Malabar. "Muslin" ni Mosul ya Iraq. Umeona? Wanunuzi waliita kitambaa kwa jina la kule kilikotoka. Na sisi tulifanya vivyo hivyo bila kufundishwa na mtu. Wafanyabiashara wa Salem, Massachusetts, walipokuwa wakileta Zanzibar shehena za pamba ngumu isiyopaushwa, hasa baada ya Sultani Said bin Sultan kuwekeana mkataba wa biashara na Marekani mwaka 1833, watu wa pwani waliiitaje? Merikani. Ikabebwa na misafara hadi Tabora na Ujiji, ikawa fedha kabisa, watu wanalipana kwa mikono ya merikani. Mwingereza na "calico" yake, Mswahili na merikani yake, akili ni moja.

#8 jezi_namba_kumi

Mimi si mtu wa lugha, mimi ni wa mpira. Jezi je?

#9 FundiBitana

Hiyo nilikuwa naisubiri. Jersey ni kisiwa kidogo kati ya Uingereza na Ufaransa. Watu wake walikuwa wafumaji wa sufi wa kusifika, biashara yao ilikuwa kubwa tangu karne ya 16, na wavuvi walivaa nguo nzito iliyofumwa ya kuzuia upepo wa bahari. Nguo ikaitwa kwa jina la kisiwa. Wanamichezo wakaichukua, sufi ikaondoka, jina likabaki. Na lile jimbo la Marekani, New Jersey, lilipewa jina la kisiwa hichohicho mwaka 1664 kwa heshima ya George Carteret, mzaliwa wa huko. Kwa hiyo ukimwona mtu ana jezi ya Yanga au ya Simba kwenye jua la Temeke, amevaa jina la wavuvi wa baridi.

Sweta nayo ni ya wanamichezo. "Sweat" ni jasho. Ilikuwa nguo ya kuvaa ili utoke jasho ukifanya mazoezi.

Lakini habari ninayoipenda kuliko zote ni ya vita moja iliyoacha majina matatu kabatini.

Tarehe 25 Oktoba 1854, vita ya Crimea, karibu na mji wa Balaklava. Kamanda mkuu wa Waingereza ni Lord Raglan, mzee aliyepoteza mkono wa kulia kwenye vita ya Waterloo mwaka 1815. Anatoa amri, amri inapita midomoni mwa watu, inafika imepinda. Lord Cardigan anaongoza wapanda farasi kama 670 bondeni, mizinga ya Warusi ipo mbele, kushoto na kulia. Waliorudi salama walikuwa wachache kuliko walioingia, na baridi iliyofuata ikawamaliza wengi walioponea risasi, maana hawakuwa na mavazi ya kutosha.

Sasa angalia. "Cardigan" ni sweta lenye vifungo mbele, kwa jina la yule kiongozi wa wapanda farasi. "Balaclava" ni boshori, ile kofia ya kufunika kichwa na uso kuacha macho, kwa jina la mji. Na "raglan" ni mkono wa nguo ambao sisi mafundi tunaujua vizuri: hauna mshono wa begani, mshono wake unatoka kwapani moja kwa moja hadi shingoni, kipande kimoja. Inasemekana ulikatwa hivyo ili yule mzee wa mkono mmoja avae kwa urahisi. Nimekata mikono ya namna hiyo mara nyingi sana bila kujua, na tangu nimejua kila nikiweka mkasi kwapani namfikiria mtu anayejivalisha koti kwa mkono wa kushoto.

#10 wa_Goma

Salamu kutoka Goma. Huku kwetu batu banasema pantalo, maana tulitawaliwa na lugha ya Kifaransa, basi yule mzee wa Venice amefika kwetu pia, kwa mlango mwingine. Jirani zetu Rwanda sketi wanaiita ijipo, ni "jupe" ya Kifaransa. Tai wanaiita karuvati. Nilisoma kwamba "cravate" ni Wakroatia, askari wa kukodiwa waliofika Ufaransa karne ya 17 wakiwa wamefunga vitambaa shingoni. Ni kweli?

#11 FundiBitana

Ni kweli, kaka, "cravate" ni Mkroatia. Na hiyo ijipo umeleta lulu. "Jupe" ya Kifaransa imetoka kwenye jubba ya Kiarabu, joho refu lililo wazi mbele. Sisi wa pwani tunalo kwa Kiswahili: juba. Kwa hiyo juba la shehe wa Lamu na ijipo ya dada wa Kigali ni ndugu wa baba mmoja, mmoja kaja kwa jahazi, mwingine kazunguka Ulaya nzima.

Kaki niipitishe haraka: khak ni vumbi, udongo, kwa Kiajemi na Kiurdu. Kikosi kimoja cha Waingereza huko Peshawar, kilichoundwa mwaka 1846, ndicho kilichoanza kuvaa rangi hiyo ili wafanane na ardhi. Majeshi ya wakoloni yakaileta kwetu. Sisi tumeisogeza hadi kwenye bahasha, na rangi yake bado ni ya vumbi.

#12 mwalimu_wa_zamani

Fundi, nimeridhika. Njia yako ya kuuliza kitambaa kwanza naichukua. Nina swali moja tu la mwisho, nione kama umelifikia. Aproni.

#13 FundiBitana

Mwalimu, nimelifikia, na limerudi kwenye somo lako la "monokini".

Zamani Waingereza walisema "a napron". N ilikuwa ya neno lenyewe, kutoka Kifaransa cha kale, ukoo wa kitambaa cha mezani, na ndugu yake "napkin" bado anayo. Lakini watu wakisema haraka haraka, sikio halijui mpaka uko wapi. "A napron" ikasikika "an apron". N ikahama nyumba, na haikurudi tena.

Sisi tumefanya la namna hiyo. Kitabu ni kitab ya Kiarabu, ki- yake haina uhusiano wowote na ki- ya kiti na kisu. Sikio letu likaisikia kama ki- yetu, tukasema vitabu, na sasa nani atasema si Kiswahili? Aliyesema "monokini" alikata pasipo na mshono. Aliyesema "an apron" alikata pasipo na mshono. Aliyesema vitabu kwa mara ya kwanza, naye vilevile, na vazi limekaa vizuri kabisa.

#14 Dada wa Belo

Nimesoma uzi wote mara mbili. Fundi, leo nimepewa bei ya belo jingine, limeandikwa "ladies' jumpers". Nimefanya ulivyosema, nimeangalia nchi kwanza. Uingereza.

#15 FundiBitana

Basi ni masweta, dada. Wapigie watu wa Njombe.